Kipeuo cha Deni

Tulikuwa mwaka wa tano wa sekondari
Mwalimu Kapya alipoiandika ubaoni,
kipeuo cha pili cha hasi moja,
akapangusa chaki kwenye suruali
akasema: hii ni namba ya kufikirika.
Monga, nyuma kabisa, akauliza inauzwa wapi.
Tulicheka hadi kengele.

Sasa nina karakana Katuba, nasuka mota zilizoungua.
Shaba ilitoka chini ya miguu yetu hapa Lubumbashi,
ikasafiri, ikarudi uzi mwembamba
kwa bei ya wenyewe.

Jumanne Mama Masengo akaniletea bili ya kinu chake.
Kidole cheupe kwa unga kikagonga mstari wa chini:
“Nguvu hii wananitoza,
haikusaga hata punje. Imefanya nini?”

Imeenda, mama, na imerudi.
Mara mia kila sekunde inaingia kwenye koili,
inaamsha sumaku, inatoka mikono mitupu.
Haisagi. Lakini ikikosekana
kinu kinabaki chuma tu, na mabeseni yanalala foleni.
Kwenye daftari langu naiwekea ile herufi ya Kapya.

“Kwa hiyo ni ya uongo, na mimi nalipa kweli?”

Nikamsimamisha mlangoni, uso kuelekea sokoni.
Geuka robo. Unatazama ukuta wa jirani:
hujaenda mbele, hujarudi nyuma.
Geuka robo nyingine. Soko umelipa kisogo.
Namba yenyewe, mama, ndiyo hiyo robo.
Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kivuli.

Usiku, umeme ulipokatika, nilijishtaki mwenyewe.
Ningeweza kupanga safu mbili za namba za kawaida,
moja ya kazi, moja ya kwenda na kurudi,
na jibu lingetoka lile lile.
Basi imo kwenye waya, au kwenye kalamu yangu?
Nimefunga kapasita tatu, bili imeshuka,
na bado sijui.

Ila ukutani kwa Mama Masengo, kwa makaa,
kuna jina langu, kistari, na mbili:
mifuko miwili, tangu Pasaka.
Mfuko hasi wa unga
hakuna aliyewahi kujitwika kichwani.
Na kila Jumamosi, alfajiri,
mwanawe anakuja kuugongea mlango wangu.