Panda ya Manati

Leo kaniita Mwantumu, dada yake
aliyezikwa Pongwe kabla sijazaliwa.
Nimeitika.

Damu nilimtoa mwenyewe, mkono wa kushoto,
nikaenda nayo maabara, Bombo.
Sahani ina visima tisini na sita;
chake, safu ya nne, kikageuka manjano kabisa:
kingamwili za surua, tele.

Surua ya Makorora, ana miaka sita,
kafungiwa chumbani, dirisha limezibwa kwa kanga.
Yeye haikumbuki.
Lakini ndani ya uboho wa nyonga inayomuuma
kuna seli imegoma kustaafu,
bado inachonga panda za manati zilezile
kwa adui ambaye miaka sabini hajarudi.

Bibi yake seli hiyo alizaliwa na kipokezi cha kubahatisha,
kufuli lisilojua ufunguo wake.
Wenzake wengi walikufa vivyo hivyo, hawajagusa kitu.
Yeye akagusa. Akazaa, akazaa.

"Mwantumu, umekula?"
Nimekula, dada.

Namshika kiganja kwa mikono yangu miwili,
nangoja kitu humo ndani
kinitambue kwa umbo.