Sugu

Kisigino cha Khopotso hakijakanyaga kitu.
Kina wiki sita duniani,
laini kama upande wa ndani wa shavu.
Nilikipasha joto kwa viganja vyangu,
maana zahanati ilikuwa na baridi ya kugandisha wino,
nikakichoma mara moja, nikangoja.
Tone. La pili. La tatu likachelewa.
Matano, kila moja kwenye duara lake la karatasi.

Mama yake alikuwa akitazama ukuta.
Bibi Nthatisi akavua buti la mpira,
akanionyesha unyayo wake, sugu juu ya sugu:
“Mimi, nesi, ungenitafutia msumari.”
Tukacheka watatu, hata mama.

Karatasi ilikauka rafuni usiku kucha.
Asubuhi ikapanda farasi na Motlalepula,
ndani ya blanketi lake, upande wa moyo,
hadi lami inapoanzia, hadi gari la barua, hadi Maseru.
Nyuma yake theluji ikafunga njia.

Wiki tisa.

Jibu lilikuja na kurasa mbili.
Ya kwanza ilisema ndiyo.
Ya pili niliisoma kama barua ya mtu mwingine:
nafasi ya mia na tatu,
palipokuwa na K sasa pana N.
Herufi moja tu.
Nikapanda jiwe lililo nyuma ya choo,
mahali pekee simu inaposhika,
nikampigia kijana wa maabara.
“Usugu,” akasema. “Ile dawa ya kwanza msihangaike nayo.”
“Lakini mtoto hajaanza dawa. Hajalamba hata kijiko.”
Upepo ukala sehemu ya jibu lake.
Nilisikia: “… maziwa.”

Tangu siku ile neno hili halinitoki.
Sugu huja kwa kusuguliwa:
mpini wa jembe, kamba ya kuni,
goti la anayesali juu ya sakafu ya mawe.
Hakuna anayezaliwa nayo.
Nani amemsugua huyu,
ambaye hata shati lake limefuliwa mara saba
ili lisimkwaruze?

Nitasema ninachokijua.
Juni lori la dawa halikufika.
Kabatini kulikuwa na vidonge arobaini na vinne,
mlangoni akina mama wanne.
Piga hesabu. Mimi niliipiga, kwa kalamu ya risasi,
nikaona fahari kwamba imegawanyika bila baki.
Mama Khopotso akaenda na kumi na moja,
na nyumbani, juu ya ubao wa mkate,
akavikata kwa kisu, nusu kwa nusu,
kama anayetunza unga mpaka mavuno.
Alifanya kwa mapenzi. Mimi pia.
Nusu ile ikapita damuni, ikapita ziwani,
ikamfikia mtoto ikiwa haba:
haba mno kuua,
tosha kabisa kufundisha.

Niliandika kwenye faili: si kosa la mama.
Nikaambiwa faili haina safu ya maneno hayo.
Nikayaacha pembezoni, yameinama.

Dawa nyingine imefika juzi, juu ya farasi yuleyule.
Kidonge kinayeyuka majini,
kina ladha ya stroberi, tunda ambalo
Bibi Nthatisi hajaliona maisha yake yote.
Alichovya kidole, akakunja uso:
“Hiki ndicho kitakachopigana?”
Khopotso alitema nusu.
Tukampa tena nusu ile. Tumechoka na nusu.
Akanirushia teke, kisigino kikanipata kidevuni,
kikavu, kizito kidogo kuliko Julai,
bado laini.

Huko juu, milima imeanza kuvaa wingu.
Bibi anauliza barabara itafungwa tena lini.
Simjibu.
Nafungua kabati.
Nahesabu.