Vitobo

Daktari wa Chake kaishikiza picha dirishani,
jua la saa nne likapenya kichwani mwa mwanangu.
"Hivi vitone vyeusi, Mama Shaame, waviona?
Ni mishipa. Imetanuka, kuta zimekuwa nyembamba.
Mingine ilivuja kidogo, siku nyingi, ikakauka."

Naviona.
Mimi mshona kofia, natoboa tangu sijavunja ungo.
Kitobo kisipozungushiwa uzi
kitambaa chafumuka.

Alikuwa na miaka saba. Walimvika
sura ya plastiki iliyombana hadi nyusi,
wakamfunga kitandani, wakatoka wote,
mlango mzito ukajifunga.
Siku thelathini. Uvimbe ukafa,
nami nikachinja mbuzi, nikalisha mtaa mzima Wete.

Hakuna aliyeniambia kuwa mionzi hukopesha.
Au waliniambia, nikatia sahihi;
sikio langu lilikuwa na nafasi ya neno moja tu: atapona.
Na kweli kapona. Ana ishirini, ana ndevu tatu anazozichana.

"Tutampiga picha kila mwaka," daktari asema.
"Kichwa kikimuuma ghafla, ulimi ukiwa mzito, mlete mbio."
Mbio! Kutoka Wete, usiku wa manane, kwa gari la nani?

Njiani Shaame kacheka:
"Kumbe nami kofia, mama."
Sikumjibu.

Baada ya isha nimempima kichwa kwa uzi,
nikapiga fundo pale ncha zilipokutana.
Kaniachia kichwa chake, kizito, cha moto kidogo,
kama alivyokuwa akiniachia zamani.
Sindano ninayo.
Vitobo vya nje navifikia.