Zote za Mguu wa Kushoto

Tisa. Nimewahesabu juu ya waya wa uzio:
tumbo jeupe, mgongo wa buluu ya wino mkavu,
na juu ya mdomo kishungi kimejikunja
kama nywele za mtoto aliyekataa kitana.
Huku Goyasi huitwa gralya.
Idalina ana jina lake jingine kwao. Siliandiki.

Mmoja hubaki kileleni, hali, halii,
shingo tu inazunguka. Wanane hushuka:
huyu kapindua kinyesi cha ng'ombe, kapata mende,
yule kamkamata panzi, anamng'oa miguu kwanza,
wawili wanagombania mjusi, kila mmoja na upande wake,
na mkubwa wao, bila hodi, kaingia bandani;
katoka na ute wa yai kidevuni.

"Kuku wangu anamtagia nani?"
Idalina karusha ndala. Imetua juu ya paa.
Ziko tatu huko sasa, zote za mguu wa kushoto.

Marehemu Belmiro alikuwa mtu wa manati.
Miaka kumi na minane alilenga, akavunja
vigae saba, taa ya jirani,
na kidole cha mtakatifu mlangoni pa kanisa.
Ndege, hata unyoya.

Kisha Desemba, mvua imeshika.
Kando ya uzio, pasipochimbwa shimo na mtu,
mpeki unaangusha matunda,
na harufu yake hufika barabarani kabla ya mchuuzi.
"Usiume," Idalina anamkanya mjukuu, Juventino.
"Guguna kwa meno ya mbele. Ndani ya kokwa ni miiba mitupu."
Gralya hakukanywa na bibi yeyote.
Hudonoa ile nyama ya manjano,
kokwa huliacha popote shibe inapomkuta.
Popote. Hata hapa chini ya waya,
enzi zile zile za manati.

Mla cha mwenzie, chake nacho huliwa.
Haya, nipigie hesabu: mayai mangapi kwa mti mmoja?
Makopo mangapi ya matunda, kando ya lami,
hata pesa ikatosha kununua vigae saba?

Fundi alipanda jana.
Alipomaliza, akamshushia ndala zake.
Idalina kazipanga kizingitini, tatu, hazina wenzi.

Kileleni zamu imebadilika:
wa tisa kashuka kula.
Idalina anainama, anachagua ya kwanza.