Uzi wa Kofia

Bahasha yako ilifika, Sabiha,
imepasuka pembe, imezibwa kwa gundi ya posta,
na ndani kikaratasi kilichokunjwa kama cha dawa ya kichwa:
mbegu arubaini na moja.
Nilizihesabu kwa ncha ya sindano, nimezuia pumzi,
maana chafya moja tu ingezimwaga Wete nzima.

Ulisema mchanga uchekechwe, kisha uchemshwe.
Niliuchemsha. Kwenye sufuria la pilau, usiku wa kuamkia Idi.
Mama mkwe akafunua mfuniko, akanitazama,
akafunika tena polepole
kama mtu aliyefungua mlango usio wake.
Hajasema neno mpaka leo.
Ila sufuria kalihamishia chumbani kwake.

Vikopo vya halua vinafaa, usividharau.
Vinaonyesha ndani, mfuniko unabana,
almuradi uisugue samli yote kwa majivu.
Majina uliyoyaandika yalinishinda ulimi,
basi nimeviita Kwanza, Pili, na Kilichopasuka.
Siku ya tisa, vitone:
kijani, vinene, kama choroko iliyosahau kukua.

Karafuu zilikuwa nje, mtaa mzima majamvi.
Wingu likaja bila hodi. Anueni! Anueni!
Watu wakakunja majamvi,
mimi nikakimbilia ukutani kwenye vikopo vyangu,
kanga imenikaa shingoni kama kamba,
na Bi Riziki akasema, makusudi nimsikie:
"Wengine huanua mali, wengine huanua miiba."
Nilicheka. Kweli yake.

Unyevu ule uliniulia kumi na tisa kwa juma moja.
Hawaugui, Sabiha. Wanalala tu,
shingo imekuwa maji.
Nikawanyunyizia mdalasini wa kusaga
na wengine kumi wakafa vivyo hivyo,
wakinukia chai.

Halafu yule mmoja.
Mwekundu tangu alipotoka, punje ya komamanga,
hana kijani hata chembe.
Asiye na kijani hajui kujipikia:
anakula akiba aliyoachiwa na mbegu,
na ikiisha, naye kaisha.
Ukaandika neno moja tu: mbebeshe.

Nilikata mpungate nyuma ya ghala bovu,
kipande cha urefu wa kiganja.
Wembe mpya, nikaufuta kwa spiriti.
Shina likatoa ute, na katikati ya ute pete hafifu,
kama alama ya gilasi iliyobaki mezani.
Kisha yeye, kiunoni.
Mkono huu umetoboa vitobo vya kofia
tangu sijaota meno ya utu uzima,
haujawahi kutetemeka namna ile.
Pete juu ya pete.
Zisipogusana, ni maiti juu ya maiti.

Mpira wa kufungia pesa ungemkata.
Nikachukua uzi mweupe, ule mwembamba wa kofia,
nikaupitisha juu yake na chini ya kopo,
mara nne, msalaba na msalaba,
si wa kukaza, si wa kulegea,
kama unavyomfunga mtoto mgongoni
wakati bado una ndoo ya kujitwisha.

Siku ya tatu aliniangalia vilevile.
Ya tano akanywea, nikalala na njaa.
Mize wangu akachungulia, akauliza:
"Mama, anayekula ni wa juu au wa chini?"
Nikamwambia akalete maji. Hakuna maji yaliyohitajika.

Leo ya nane. Kavimba kidogo,
au macho yangu.
Bwana Shaame kaja mara mbili kuulizia kofia yake ya Ijumaa,
nimemwambia imebaki duara ya juu.
Sikumwambia kwamba uzi wake uko dirishani,
umemshikilia mgonjwa,
na kwamba mimi siufungui.