Jirani wa Chini

Kemi, mwezi wa kwanza. Jua lilichungulia saa tano asubuhi,
likajuta, likarudi zake.
Jarkko yuko zamu ya usiku. Mimi na watoto
tumesukuma kochi hadi ukutani,
zulia tumelikunja, tumelisimamisha kwenye kona
kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Vaa kamba ya rimoti," runinga inaonya,
"usije ukavunja kitu."
Onyo limechelewa. Taa ya dari ilipasuka Jumapili
Lempi alipoupiga mpira wa tenisi usiokuwepo.

Mchezo wa kwanza: kuku wametoroka, watikisie mkono warudi bandani.
Wa pili: puto, pampu, pampu, pampu,
mpaka limpasukie mwenzako usoni.
Wa tatu: ruka kamba.
Tuliruka mara nne. Ya tano
sakafu ikatujibu:
ko. ko. ko.
Mpini wa fagio, kutoka chini.

Miaka sita tunaishi juu ya kichwa cha Terho Kinnunen
na maneno tuliyokwisha kupeana hayajazi kijiko cha chai.
"Baridi."
"Ndiyo, baridi."
Ndani ya lifti hukodolea macho namba za ghorofa
kana kwamba zitabadilika bila idhini yake.

Sasa huyo mlangoni, ndara za sufi, suruali ya kulalia,
kinywa kimejaa lawama alizozipanga ngazi nzima,
na Oiva, ambaye adabu na woga vyote vilimpita kando,
akamtia rimoti ya nne mkononi:
"Tumepungukiwa mtu."

Lawama zikakosa pa kutokea.
Lempi akamtengenezea sura: upara, masharubu,
shati la waridi, "maana ya buluu nimeshachukua mimi."
Terho akamtazama yule kijitu kwenye kioo,
kinatabasamu,
jambo ambalo jengo hili halijawahi kumwona akilifanya.

Ukaja mchezo wa msumeno.
Sisi tukajirusha kama tuliovamiwa na nyuki,
viwiko huku, nywele kule, meno yakakwama kwenye gogo.
Yeye akatanua miguu.
Akavuta, mvuto mrefu.
Akasukuma, msukumo mrefu.
Miaka thelathini na nane ya kiwanda cha mbao
ikamshuka begani hadi kwenye kile kiplastiki cheupe.
Magogo kumi na tisa. Mimi mawili.
"Na nusu," Oiva alinitetea.
"Msumeno haupigwi," Terho akasema, "huonyeshwa njia."
Hatujawahi kusikia sentensi yake ndefu kuliko hiyo.

Kisha likaja yai.
Yai juu ya kijiko, tembea taratibu,
mashine inausoma mkono wako,
na mashine haijui kusitiri.
Kile alichokificha mfukoni, chini ya gazeti,
ndani ya glavu hata mwezi wa saba,
kikapanda ukutani kwa inchi hamsini:
kijiko kinatetemeka, yai linacheza,
pwaa.
Jingine. Pwaa.
"Rimoti yako mbovu," akasema Lempi, "shika yangu."
Akaishika. Mtetemo ukahama naye.
Pwaa.

Mimi nikaanza kutafuta neno. Nililolipata ni kahawa.
Oiva hakutafuta. Alikiweka kiganja chake
chini ya ule mkono, kama mtu apokeaye maji ya mfereji,
wakatembea wawili, yai moja.
Nalo likavunjika, hatua mbili kabla ya mstari.

Kimya.
Halafu Terho akacheka, kicheko chenye kutu,
akakohoa, akacheka tena,
akanywa kahawa yangu kwa mikono miwili, mbele yetu sote.

Leo jioni hatujawasha kitu. Kochi liko mahali pake.
Sakafu:
ko.
Tukatazamana.
ko, ko?
Oiva akapiga magoti kwenye bomba la kupasha joto nyumba,
akaweka mdomo karibu, akapaza sauti:
"Njoo! Leo hatutacheza mayai!"

Bomba likanyamaza. Likafikiri.
Kisha, kutoka chini, polepole:
"Yawepo."