Mpini wa Ufagio

Mimi ndiye niliyegonga.
Liandikwe hilo kwanza, kabla ya mengine.
Mara tatu, kwa mpini wa ufagio, sakafuni,
Jumanne ya Januari, saa nne na nusu usiku,
nje baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri
na mto wa Tampere ukifuka mvuke kama sufuria.

Chini yangu ndipo ilipo sauna ya jengo.
Kila nyumba ina saa yake moja kwa juma.
Saimi na Jalmari hawakwenda kuoga.
Waliacha jiko baridi, wakatundika mablanketi ukutani,
wakapanga vinanda viwili vya umeme juu ya benchi
pale wenzao wanapoketisha jasho lao.
Walijiita Tiistai, yaani Jumanne,
kwa sababu ndiyo siku waliyopangiwa.

Saimi mwoka mikate, zamu ya alfajiri,
unga haukumtoka kwenye nyusi.
Jalmari fundi wa lifti.
Alirekodi milango ikifunga, shhh-ta, shhh-ta,
akasema hiyo ndiyo ngoma yetu, na haidai mshahara.

Mimi nilisikia du, du, du tu,
moyo wa mtu mwingine ndani ya nyayo zangu.
Mume wangu alikuwa na miezi minne kaburini.
Nilitaka kimya. Nilikuwa nimekilipia.
Nikagonga.

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

Wakaja asubuhi na mkate wa shayiri, bado moto.
Nikadhani wanaleta radhi.
"Mama Aune," Jalmari akaviambia viatu vyake,
"uligonga ukachelewa kiasi cha kufumba jicho,
na wimbo mzima ukaamka. Tunaomba ruhusa."
Nikamjibu ufagio si wangu, ni wa ushirika wa jengo.
Mkate niliupokea.

Kanda mia moja, wakazifunga kwa mkono
kwa karatasi ya kuokea.
Ziliuzwa thelathini. Kumi na mbili zilirudi kwa posta.
Walipiga maktabani Oulu,
walipiga harusi ya mtu aliyeagiza tango akaletewa wao,
na Turku walipata watu tisa,
wawili kati yao wakingoja kufunga ukumbi.

Halafu, sijui.
Mtu wa redio huko Leipzig akaupiga usiku mmoja,
kesho yake akaupiga tena.
Haba na haba, husema watu;
mimi nilikiona kibaba kikimwagwa chote kwa mkupuo.

Akaja bwana wa kampuni kutoka Stockholm, koti la rangi ya majivu.
Alivua viatu mlangoni, hilo nampa.
Nilisikia yote kupitia bomba la maji:
kurasa arobaini, na tarakimu iliyomfanya Jalmari akohoe.
Wimbo aliupenda wote ila ile gonga-gonga.
"Tutaisafisha," alisema. "Tutaweka ngoma halisi."

Pakawa kimya, kile kimya nilichokuwa nikikidai.

Saimi akasema,
"Sisi ni wawili, na yule ni jirani.
Jirani hasafishwi."

Bwana akavaa viatu vyake.
Wakarudi kwenye kanda na karatasi,
na kanda elfu tano zikaisha kabla ya theluji kuyeyuka.

Nilikwenda mara moja kuwaona, kiwanda cha zamani cha pamba,
mama yangu alifuma humo miaka kumi na tisa.
Watu elfu mbili. Niliziba masikio kwa pamba, hiyohiyo.
Muziki ukakatika ghafla,
na miguu elfu nne ikagonga sakafu mara tatu,
ikichelewa palepale nilipochelewa mimi.
Kijana kando yangu alilia. Sikumwambia kitu.

Kila robo mwaka huniletea euro kumi na nne na senti sitini.
Ufagio wanasafiri nao, una tiketi yake.
Ushirika umeandika barua mbili kuuliza uko wapi.

Jumanne sasa amepewa Pentti wa ghorofa ya tatu.
Anaoga tu, haimbi hata kidogo.
Saa nne na nusu, kwa ufagio mpya, wakati mwingine nagonga.
"Nini?" anapaza sauti.
"Si kitu, Pentti. Oga."